Chakula cha Nchi: Waadhi kwa Waislamu wa Pwani

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeshusha mvua kwa kipimo, akaipasua ardhi iliyokufa, akaotesha humo nafaka na matunda, riziki kwa waja wake na kwa wanyama wao. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, aliyekula mkate wa shayiri wala asiutie ila, na Aali zake na Masahaba zake, ambao miongoni mwao walikuwamo wenye kushika mizani sokoni na wenye kushika majembe mashambani, wala hapana mmoja aliyeiona kazi ya mwenziwe kuwa ni dhila.

Amma baad. Kila mwaka, inapomalizika Ramadhani, baba wa nyumba katika miji ya pwani, tangu Lamu hata Kilwa, na katika visiwa vya Unguja na Pemba, hupima pishi ya mchele kwa kila roho iliyo chini ya ulezi wake, akaitoa kuwa zaka ya fitra. Na sheria, katika madhehebu ya Imamu Shafii ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani, imeamuru kuwa fitra itolewe katika chakula kinacholiwa zaidi na watu wa mji. Basi chakula cha mji ni mchele, na fitra ni mchele, na ibada hii ni sahihi wala haina dosari. Lakini mchele ule ukiulizwa asili yake, aghlabu hujibu kwa maandiko ya gunia lake kuwa umetoka Pakistan, au India, au Thailand. Sheria imekiita chakula cha mji, ilhali ardhi ya mji haikijui.

Jambo hili si dhambi, lakini ni alama, na mwenye akili huzizingatia alama. Maneno ya waadhi huu ni kuwa kulima chakula katika ardhi aliyopewa mtu, na kukila bila ya kukionea haya, ni katika mambo ya dini, si ya dunia peke yake. Na kuwa kinachowazuia watu wa pwani na jambo hili si ukavu wa ardhi yao tu, bali ni aibu iliyoingia nyoyoni kwa sababu zinazojulikana, na aibu hiyo haina asili katika Uislamu.

Ama neema ya ardhi, Mwenyiezi Mungu ameitaja katika Kitabu chake mara nyingi. Katika Sura Yasin ameifanya ardhi iliyokufa, inayohuishwa ikatoa nafaka, kuwa ni dalili ya uwezo wake wa kufufua. Katika Sura Abasa amemwamuru mwanadamu akitazame chakula chake, akumbuke jinsi maji yalivyomiminwa na ardhi ilivyopasuliwa. Na katika Sura al-Waqia amewauliza waja kuhusu mbegu wanazozipanda, ni wao wanaoziotesha au ni Yeye. Mwenye kulima huliona jibu la swali hilo kila msimu. Mwenye kununua tu, asiyeijua mbegu wala shina, huenda akayasoma maneno hayo umri wake wote asikione kinachosemwa.

Na katika Sura Saba imetajwa habari ya watu wa Yemen, waliokuwa na bustani kuume na kushoto, wakaambiwa wale riziki ya Mola wao na wamshukuru. Wakageuka, ukawajia mafuriko wa bwawa lao, bustani zao zikabadilika kuwa miti ya matunda machungu na mikwaju ya jangwani na mikunazi michache. Na imetajwa pia kuwa walikuwa na miji iliyokaribiana na safari za amani, nao wakaomba masafa ya safari zao yarefushwe. Wafasiri wamesema kuwa walichoka na neema iliyo karibu. Katika kisa hiki pana mazingatio kwa kila taifa ambalo riziki yake ipo kandoni mwa nyumba, nalo likaipenda zaidi ile itokayo mbali.

Watu wa pwani hawakuanza hivi. Msafiri Ibn Batuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kuwa kisiwa kile hakilimwi nafaka, bali huletewa kutoka pwani ya bara, na kuwa chakula cha wenyewe zaidi ni ndizi na samaki. Katika karne ya 16 na ya 17 Pemba ilijulikana kwa wingi wa mpunga wake, na majahazi yalikuwa yakitoka huko kuilisha Mombasa. Na katika karne ya 19 bonde la Rufiji lilikuwa likipeleka mchele Unguja, na mashamba ya Malindi yalikuwa yakipakia mtama na ufuta mpaka nchi za Arabuni. Basi chakula kilisafiri zamani pia, lakini safari yake ilikuwa ya siku chache, baina ya watu waliojuana, wanaosali kibla kimoja na kusema lugha moja; na mji mmoja ulipopungukiwa, jirani yake alipata habari kabla ya njaa kuingia.

Kisha ukaja mkarafuu. Uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan akahimiza upandwe kwa wingi, mpaka visiwa viwili vile vikajulikana duniani kwa harufu yake. Faida ilikuwa kubwa, wala haikanushiki. Lakini visiwa vilivyokuwa vikitoa chakula, kufika katikati ya karne ile vilikuwa vinakingoja kutoka nje. Na hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini. Mkarafuu haupendi bonde lenye kutuama maji. Hupenda ardhi iliyoinuka. Bonde la mpunga halikunyang'anywa na mkarafuu. Bonde lilibaki pale pale, mikono ndiyo iliyohama.

Na mikono ile kwa wingi haikuwa mikono ya hiari. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, na ya mtama ya Malindi, yalilimwa na watumwa. Hali ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Amri ya serikali iliwatoa watu utumwani, lakini haikutoa katika nyoyo ile dhana kuwa jembe ni la mtumwa na kiti cha barazani ni cha muungwana. Dhana hiyo ilirithiwa na watoto na wajukuu, hata wa wale waliokuwa wakilimishwa, kwani aliyeteswa kwa jembe naye hutaka mwanawe asilishike. Hapo ndipo ilipozaliwa aibu ya konde. Na aibu ya konde ikazaa aibu ya chakula cha konde, mpaka muhogo ukaitwa chakula cha maskini, na mtama ukaitwa chakula cha washamba, na mchele mweupe wa ng'ambo ukawa ndio cheo cha mtu mbele ya wageni wake.

Mwenyiezi Mungu hakuwaacha watu hawa bila ya onyo. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikang'oa mikarafuu na minazi kwa maelfu, ikadhihirika siku moja kuwa mali ya miti ya aina moja ni mali ya juu ya upepo. Mwezi wa Machi 1942 mji wa Rangoon uliangukia mikononi mwa Wajapani, na mchele wa Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar, ukakoma kuja. Unguja ilikuwa imeutegemea mchele huo miaka mingi. Mchele ukagawiwa kwa kipimo, serikali ikahimiza watu walime, na walioudharau muhogo wakautafuta. Vita vilipomalizika meli zikarudi, na majembe mengi yakarudi kuegemezwa ukutani.

Na wala asidhani mtu kuwa mambo hayo ni ya zamani za vita tu. Mwaka 2008 bei ya mchele wa Thailand katika soko la dunia ilipanda zaidi ya mara mbili katika muda wa miezi michache, wala hapakuwa na manowari yoyote baharini iliyozuia njia. Tarehe 20 Julai 2023 serikali ya India, ambayo kwake hutoka takriban sehemu 40 katika kila 100 za mchele unaouzwa baina ya nchi na nchi, ilikataza kusafirishwa nje mchele mweupe usiokuwa wa basmati, ili raia wake wasipandishiwe bei. Katazo hilo halikuondolewa mpaka mwezi wa Septemba 2024. India haikufanya dhulma: mwenye nyumba huanza na watoto wake. Ila aliyeitegemea nyumba ya jirani ajue kuwa siku ya dhiki mlango utafungwa, na mwenye kuufunga hatakuwa na lawama. Ndipo wahenga waliposema kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Basi irejewe aibu ile, ipimwe kwa mizani ya dini, ionekane ina uzito gani. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa hapana mtu aliyekula chakula bora kuliko anachokila kwa kazi ya mkono wake, na kuwa Nabii Daudi, naye ni nabii na mfalme, alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa hapana Muislamu apandaye mti au apandaye mmea, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, ila huandikiwa sadaka. Tazama upana wa fadhila hii: mwenye duka akiibiwa hupata hasara, na mkulima mwenye imani hata kunguru akimlia mbegu zake huandikiwa thawabu. Na imepokewa katika Musnad ya Imamu Ahmad kuwa Kiyama kikisimama na mkononi mwa mtu mna mche wa mtende, na akaweza kuupanda kabla hajasimama, basi na aupande. Mche ule hautazaa wala hapana atakayekula tende yake. Basi imejulikana kuwa kupanda kwenyewe ni ibada.

Na wanavyuoni wamefuata njia hiyo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameuhesabu ukulima katika kitabu chake Ihya kuwa ni katika faradhi za kutoshelezana, yaani faradhi ambayo wakiifanya wa kutosha huwaondokea dhambi wote, na wakiiacha wote, wote hupata dhambi. Kwani mji usio na mlimaji huangamia. Al-Mawardi, naye ni katika wakubwa wa madhehebu ya Shafii, alizitaja asili za uchumi kuwa ni tatu, ukulima na biashara na ufundi, akaona kuwa ulio bora ni ukulima. Na Imamu Nawawi akasema kuwa bora ni kazi ya mkono, na ikiwa kazi hiyo ni ukulima basi imekusanya ubora juu ya ubora, kwa kuwa ndani yake mna kutawakali na mna manufaa kwa viumbe wote. Anayesali kwa fatwa za maimamu hawa, akaoa na akarithi kwa fatwa zao, kisha akaona haya kushika jembe, basi haya yake hakuipata kwao.

Ama chakula chenyewe, imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia ila chakula, akikitamani alikila, na asipokitamani alikiacha. Na Sahl bin Saad aliulizwa kama Mtume alipata kula mkate wa unga mweupe uliosafika, akajibu kuwa hakuuona mpaka alipofariki. Shayiri yao ilikuwa haichekechwi kwa chekeche, ilisagwa, wakaipuliza, makapi yakaruka yaliyoruka, kisha wakaukanda unga uliobaki. Hiki ndicho chakula cha bora wa viumbe: nafaka ya nchi yake, iliyopulizwa kwa pumzi. Ni nani basi huyo, miongoni mwa umati wake, ambaye cheo chake kitaanguka kwa sahani ya muhogo?

Na ajabu ni kuwa watu wa pwani wenyewe hukiri haki hii mwezi mmoja katika kumi na miwili. Inapoingia Ramadhani, futari za matajiri na za maskini huwa sawa: muhogo wa nazi, viazi vitamu, majimbi, ndizi mbichi, shelisheli, na kunde. Siku hizo hapana anayesema kuwa hiki ni chakula cha maskini. Bali nyumba isiyokuwa na muhogo wa futari hujiona imepungukiwa. Kisha unapoandama mwezi wa Shawali, chakula kile kile hurudishwa nyuma ya nyumba, kikaliwa kwa siri na kufichwa mgeni akibisha hodi. Chakula kilichostahili kufungulia saumu, katika saa ambayo dua ya mfungaji hairudishwi, hakiwezi kuwa aibu siku iliyobaki.

Wala isifahamike kuwa mchele ni haramu au kuwa biashara ya chakula ni makuruhu. Makka ilikuwa bonde lisilo na mimea, na Mwenyiezi Mungu amewakumbusha Makureshi neema ya misafara yao miwili, ya kusi na ya kaskazi zao, ambayo kwayo aliwalisha wasife njaa. Mfanyabiashara aletaye chakula katika mji wenye haja nacho ana ujira wake. Lakini Madina, mji wa Hijra, ulikuwa na yote mawili. Ansari walimtaka Mtume awagawie Muhajirina nusu ya mitende yao, akakataa. Ndipo wakakubaliana kuwa Muhajirina wasaidie kazi ya mashamba, na matunda yawe ya wote. Na Abdurrahman bin Auf, ambaye nduguye wa Kiansari alitaka kumgawia mali yake, aliuliza soko liko wapi, akajitafutia. Mji wenye soko bila ya shamba huishi kwa rehema ya wengine. Na mji wenye shamba bila ya soko hukiozesha kilicho chake. Pwani ina ardhi ambayo Makka haikuwa nayo, basi hapana ruhusa ya kujifananisha na Makka.

Wala hapana haja ya kuifunga bandari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Unguja ilijaribiwa njia hiyo, ya kupunguza vyakula vya kutoka nje kabla ya mashamba kutosheleza, na wananchi wakasimama katika foleni ndefu wakapata taabu. Kumlazimisha mwenye njaa si kumfundisha kulima. Nabii Yusufu (a.s.) hakuanza kwa kuwanyima watu wa Misri chakula. Alianza kwa miaka saba ya kulima kwa juhudi, na kuiacha nafaka katika masuke yake isiharibike, na kula kwa kiasi. Ndipo ilipokuja miaka ya ukame ikawakuta wana ghala. Utaratibu wake ni kulima kwanza, kisha kuhifadhi, kisha kupima, na ndio utaratibu wa kila mwenye busara.

Na atakayesema kuwa ardhi ya pwani haifai, na atazame kilicho mbele yake. Yako mabonde ya mpunga: Cheju na Bumbwisudi na Mtwango katika Unguja, na mabonde mengi ya Pemba, ambayo baadhi yake yamechimbiwa mifereji ya kumwagilia maji, na mengine hungoja mvua ya masika peke yake. Uko muhogo, ambao wenyewe ulikuja na Wareno kutoka Marekani ya Kusini, kama mpunga ulivyokuja zamani kutoka Asia. Basi chakula cha nchi si lazima kiwe kimeumbwa nchini, bali ni kile ambacho ardhi imekikubali. Na muhogo una fadhila isiyopatikana katika nafaka: ukikomaa huweza kuachwa chini miezi mingi, ardhi ikawa ndiyo ghala yake. Ukishang'olewa hauvumilii ila siku mbili tatu, ndiyo maana wazee wakaukata na kuuanika ukawa makopa, nao muhogo mchungu wakauroweka na kuukausha kwanza ili sumu yake itoke. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, uliochunguzwa na kuelezwa Amani katika nchi ya Tanga mwaka 1936, umewaozeshea watu mihogo mingi chini ya udongo. Lakini wataalamu wa Zanzibar wametoa mbegu zenye kuustahimili, zinazojulikana kwa majina ya Kizimbani, Mahonda, Machui na Kama. Apandaye pingili zilizougua, ilhali nzima zinapatikana, asiseme kuwa ni kudura.

Wala haifai kula muhogo peke yake, kwani una nguvu ya kushibisha na upungufu wa kujenga mwili. Mwenzake ni samaki, na kunde, na choroko, na mbaazi, na kisamvu ambacho ni majani ya mti ule ule. Na kunde na mbaazi zikipandwa baina ya mihogo huirudishia ardhi nguvu yake. Ndipo chakula cha wazee kilipokamilika: kiazi cha shambani, kunde za kandoni mwake, samaki wa asubuhi, na nazi ya mnazi ulio mlangoni. Mtu angeweza kuwaona kwa jicho lake wote waliomlisha siku ile, na wote akawapa salamu.

Kwa hiyo ni juu ya Muislamu wa pwani, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, kuyashika mambo haya.

La kwanza ni kuondoa aibu nyumbani mwake. Baba ndiye anayenunua na kuamua kitakachopikwa. Sheria imempimia hata kibaba cha mkewe katika nafaka ya mji, maskini kibaba kimoja, na wa kati kibaba na nusu, na tajiri vibaba viwili. Basi mwenye kupimiwa namna hiyo ana amri juu ya chakula chake. Na aweke siku mbili au tatu katika wiki ambazo nyumba yake italishwa na ardhi ya nchi yake, naye awe wa kwanza kutia mkono sahanini, kwani mtoto hukipenda chakula kinachosifiwa na babake. Na anapofanya maulidi au akamwozesha binti yake, na aweke sinia ya chakula cha nchi pamoja na pilau, mbele ya wageni, si jikoni.

La pili ni kununua kwa mkulima kabla ya kununua kwa meli. Walaji ni wengi na mkulima ni mmoja, na mmoja huyo akirudi na tenga lake kutoka sokoni halikununuliwa, msimu ujao hatalima. Mchele wa Cheju ukiwa na chenga na bei yake ikazidi kidogo, ile ziada isihesabiwe kuwa hasara. Ni mbegu ya mwaka wa pili. Na mkulima naye asichanganye mchele mpya na mkuukuu, wala asipunje pishi, kwani Mwenyiezi Mungu ameteremsha sura nzima kuwaonya wapunjao vipimo.

La tatu ni kulima. Mwenye ardhi, imepokewa kuwa na ailime, na asipoweza na ampe nduguye. Basi shamba linalolala mwituni hali mwenyewe yu mjini, na jirani yake hana hata ngwe moja, shamba hilo litaulizwa. Hata mwenye uwanja wa nyumba tu ana mahali pa mipapai miwili na migomba na shina la mshelisheli, nao mshelisheli mmoja huzaa miaka mingi kwa taabu ya siku moja ya kuupanda.

La nne ni kuyahifadhi mabonde. Bonde la mpunga likifukiwa kifusi na kujengwa, halirudi kuwa bonde tena. Ardhi ya kujenga hupatikana penye mawe na penye mchanga, lakini ardhi inayoshika maji ya masika ni chache, na aliyeiuza kwa fedha za mara moja amewauzia wajukuu zake njaa. Sayyidna Umar alipopata ardhi nzuri ya Khaibar alimshauri Mtume (s.a.w.), naye akamwelekeza azuie asili yake isiuzwe, na matunda yake yatolewe sadaka. Watu wa pwani wameweka wakfu misikiti na visima na nyumba. Na wakijaaliwa na waweke wakfu bonde, mavuno yake yaliwe na mayatima na wanafunzi wa chuoni.

La tano ni haki ya Mwenyiezi Mungu katika mavuno. Karafuu, kwa kuwa si chakula cha kushibisha, haina zaka ya mazao katika madhehebu ya Shafii, ila mali yake ikifikia kiasi chake na kupitiwa na mwaka. Ama mpunga na mtama na mahindi, yakifika wasaki tano, yana haki yake: fungu la kumi yakinyweshwa na mvua, na nusu ya fungu la kumi yakinyweshwa kwa gharama. Haki hiyo imeamriwa kutolewa siku ya kuvuna, chakula kikiwa bado kiko mbele ya macho ya jirani. Tazama basi alichopoteza maskini wa pwani ardhi ilipoacha kutoa nafaka: fungu lake la kumi halikuhamia penginepo, lilitoweka. Na anayeficha chakula ili kipande bei, imepokewa kuwa hafanyi hivyo ila mwenye dhambi, awe ameficha magunia ya meli au magunia ya konde.

Haya ndiyo yaliyo katika uwezo wa mja, na mvua iko katika uwezo wa Mola wake. Miaka ya ukame itakuja kama ilivyokuja, na panya watakula, na nguruwe watavamia, na mkulima atalala na njaa baadhi ya siku hali wa mjini ameshiba. Hapana aliyeahidiwa kuwa jembe halichoshi. Kilichoahidiwa ni kuwa jasho lake halipotei, na kuwa tonge iliyotoka katika mkono wa mtu mwenyewe ni bora kuliko tonge iliyongojewa bandarini.

Mwenyiezi Mungu awajaalie Waislamu wa pwani wawe katika wenye kushukuru neema iliyo karibu nao, asiwafanye kama watu wa Saba. Ayatie baraka mabonde yao na bahari yao, awaondolee katika nyoyo zao aibu isiyo ya dini, na awape watoto wao nguvu ya mikono na utulivu wa imani. Awarehemu waliolima mashamba ya nchi hii kwa mijeledi wala wasipate ujira wao duniani, na awape huko Akhera zaidi ya walivyodhulumiwa. Na ajaalie fitra yao, kabla hawajafariki wazee walio hai leo, ipimwe kwa pishi ya chakula kilichooteshwa na ardhi yao wenyewe.

Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na Aali zake na Masahaba zake wote. Walhamdu lillahi Rabbil-alamin.